Mdogo wangu yuko Moroni, ardhi inatikisika kila siku: ni mabaki ya tetemeko la kwanza au Karthala inataka kulipuka?

Mtoto wa Kibosho

Wakuu heshima kwenu, naombeni mawazo kwa yeyote mwenye uelewa wa matetemeko ya ardhi hasa yale ya visiwani kwenye volkano. Mdogo wangu wa kike kaolewa Ngazija, Visiwa vya Komoro, wanakaa Moroni upande wa juu kuelekea mlimani. Juzi kati usiku walipigwa na tetemeko, sio la kubomoa nyumba, anasema vyombo viligongana kabatini mtoto akaamka analia halafu kukatulia, sisi huku tukamshukuru Mungu tukajua yameisha. Kumbe ndo kwanza yanaanza, toka siku ile kila siku lazima ardhi icheze kidogo, mara alfajiri mara mchana, mengine shemeji hayasikii kabisa mpaka aambiwe ila mdogo wangu anayasikia yote kwa sababu halali, anakaa kuyasubiri.

Sasa huku Moshi mama hali wala halali, anataka binti yake apande ndege na mtoto warudi hata kesho. Shemeji anasema hayo ni mabaki tu ya lile la kwanza yataisha yenyewe, kwao wamezoea. Na kuna voisi inazunguka WhatsApp, mtu anaongea kwa uhakika kabisa kwamba kubwa linakuja saa nane usiku na Karthala, ule mlima wa volkano wa pale Ngazija, utafumuka, hiyo voisi imefika mpaka kwa shangazi yangu Himo na ndo iliyommaliza mama nguvu.

Naomba kujua, mtu anatofautisha vipi matetemeko madogo yanayofuata baada ya kubwa na yale ya mlima unaotaka kulipuka? Na angekuwa ni ndugu yako ungemwambia arudi au atulie? Naombeni majibu ya kweli, hili jambo linatuumiza sana nyumbani.

Chalii wa Sakina

Pole sana mkuu, mi ningemrudisha bila kujiuliza mara mbili. Mwaka 2007 nilikuwa bado mdogo ila nakumbuka vizuri Arusha ilivyotikisika, mzee wangu alitutoa nje wote tukalala uwanjani na majirani, magodoro yamepangwa mstari mmoja, akina mama wanasali. Walisema lile kubwa lilikuwa 5.9 kwenye kipimo cha matetemeko na lilitokea huko mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, madogo yakaendelea siku nyingi, watu wakaanza kusema yameisha tumezoea, na baadae Lengai, volkano ya jirani yake, ikalipuka kweli. Sasa kama Lengai ilianza na kutikisa hivyo hivyo kwa nini Karthala isifanye hivyo? Mtoto mdogo yupo hapo, tiketi ni hela tu inatafutwa.

Mzee wa Njiro

Mtoto wa Kibosho pole wewe na mama. Nimesoma jiolojia na kikazi nimezunguka sana kule Natron na Gelai, naomba nieleze ninavyojua, vumilieni ni ndefu.

Kwanza tusishike namba peke yake. Chalii ametaja 5.9 ya 2007, ni kweli, ilikuwa tarehe 17 Julai jioni, Arusha tulitoka nje na mpaka Nairobi watu walikimbia maghorofa. Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 nayo ilikuwa 5.9. Na Mayotte, kisiwa cha funguvisiwa hilo hilo la Komoro, tarehe 15 Mei 2018 kilipigwa na 5.9 pia. Namba ni ile ile mara tatu lakini kilichokuwa kinaendelea chini ya ardhi ni habari tatu tofauti kabisa, na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo.

Bukoba lilikuwa tetemeko la kawaida, mwamba uliobanwa miaka na miaka ukaachia kwenye ufa, kubwa likaja mara moja halafu madogo yakafuata nyuma. Haya madogo ya kufuatia yana tabia yake inayojulikana, yanapungua haraka mwanzoni halafu yanaenda taratibu, yaani kama siku ya kwanza yalipimwa mia basi siku ya kumi tegemea kumi hivi, na lile kubwa kuliko yote kati ya hayo kwa kawaida linakuwa chini ya la kwanza kwa kama 1.2 kwenye kipimo. La kwanza likiwa 5 basi la kufuatia tegemea 3.8 hivi. Hii sio amri, inatokea la pili likawa kubwa kuliko la kwanza, makadirio ni kama mara 1 kati ya 20, ndo maana nyumba ikishapasuka mtu asirudi kulala ndani eti kwa sababu kubwa limeshapita.

Gelai haikuwa hivyo. Yalianza madogo tarehe 12 Julai, yakawa yanapanda, 5.9 ikaja siku tano baadae na baada ya hapo hayakupungua kwa utaratibu niliousema, yaliendelea kwa wiki kadhaa. Chini kule magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, ilikuwa inajipenyeza kwenye mwamba kama maji yanavyotafuta ufa kwenye ukuta wa tangi, ikapasua ardhi juu yake lakini yenyewe haikutoka pale Gelai, ilibaki chini. Lengai iliyopo jirani ndo ikalipuka kwa majivu tarehe 4 Septemba na kuendelea mpaka 2008. Kwa hiyo chalii hajakosea kuogopa, ila mfululizo ule ulikuwa na sura yake na wenye mitambo waliiona.

Mayotte sasa ndo inayomhusu zaidi mdogo wako. Pale matetemeko yalianza tarehe 10 Mei 2018, yakaja maelfu kwa maelfu, watu wakalala nje, na mwanzoni hata wataalam hawakuwa na majibu kwa sababu kisiwa hakikuwa na vipimo vya kutosha. Mwaka mzima ukapita. Mei 2019 meli ya utafiti ilipopima sakafu ya bahari ikakuta volkano mpya kabisa, kama kilometa 50 mashariki ya kisiwa, imejijenga kufika mita 820 kutoka chini na bahari pale ina kina cha mita 3,500 hivi. Leo inaitwa Fani Maoré. Kisiwa chenyewe kilizama karibu sentimita 20 na kusogea upande wa mashariki, watu wako juu yake wanapika na kwenda kazini. Mlipuko mkubwa kiasi hicho na hakuna nyumba hata moja iliyounguzwa na lava, yaani ile magma ikishatoka juu.

Kwa hiyo ukiniuliza mtu anatofautisha vipi, kwa kulala kitandani na kusikiliza hawezi, namwambia ukweli huo shemeji yako na mama pia. Kinachoangaliwa ni je yanapungua kila siku au yanaongezeka, je yanatokea sehemu moja au yanahama na kupanda juu kutoka kina kirefu, je mlima unavimba (vipimo vya satelaiti vinaona hata sentimita chache), gesi inayotoka imebadilika, na je kuna ule mtetemo mwembamba usiokatika ambao unakuja magma ikisafiri. Hayo yote yanasomwa na mitambo. Moroni wana kituo chao cha kuangalia Karthala, kipo chini ya CNDRS, taasisi ya taifa ya utafiti ya Komoro, hao ndo wa kufuatwa.

Na hata ikithibitika ni magma bado sio lazima itoke. La Palma, visiwa vya Kanari vya Hispania, matetemeko yalianza tarehe 11 Septemba 2021 na tarehe 19 ardhi ikapasuka, lava ikatiririka siku 85 na kufukia zaidi ya nyumba elfu moja. Santorini kule Ugiriki mwanzoni mwa 2025 yalikuja maelfu, kubwa lao likiwa 5.3, watu zaidi ya 11,000 wakaondoka kisiwani, na hakuna kilichotoka. Visiwa viwili vyote vya volkano, mwanzo unafanana, mwisho tofauti.

Hiyo voisi ifuteni. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja saa ya tetemeko, iwe Japani iwe Marekani, anayetaja saa anawatesa wazee wa watu bure.

Bint Ngazija

Salaam aleikum ndugu yangu, mpe pole mama na mpe pole wifi yangu huyo wa Moroni. Mimi mzaliwa wa Ngazija, nimeolewa Arusha miaka mingi, na wazazi wangu bado wapo kule.

Shemeji yako anaposema wamezoea anasema kweli lakini kuzoea kusimfanye akalala. Karthala ni mita 2,361 na sehemu kubwa ya kusini ya kisiwa chote ni yeye, Moroni ipo miguuni pake. Aprili 2005 ulilipuka, watu wa vijiji vya mashariki walihama usiku kwa maelfu na watoto mgongoni na majivu yanaanguka. Novemba mwaka ule ule ukalipuka tena, safari hii majivu yakafika Moroni yenyewe, mchana ukawa kama magharibi, watu wanatembea wamefunga khanga na vilemba puani. Mei 2006 lava ikajaa ndani ya shimo la juu ikaishia huko huko, na mara ya mwisho ni Januari 2007. Toka hapo kunatikisika, kunatulia, kunatikisika.

Kilichotuumiza Novemba ile ni maji. Kwetu hakuna mito, mvua ikinyesha ile ardhi ya lava inainywa yote, ndio maana nyumba nyingi zina birika la saruji la kukinga maji ya paani. Majivu yalishuka juu ya mapaa yakaingia kwenye mabirika, na maji ya familia ya miezi yote yakaharibika siku moja. Mama yangu alilia kwa ajili ya lile birika kuliko alivyolia kwa ajili ya nyumba. Kwa hiyo mwambie wifi leo hii, sio kesho, birika lifunikwe vizuri na ule mfereji unaoshusha maji kutoka paani ujulikane unachomolewaje kwa haraka, na wajaze madumu ya maji safi waweke ndani.

La pili, watu wengi wanaangalia kileleni tu. Mwaka 1977 lava haikutoka kileleni, ilitoka ubavuni kusini magharibi, ikapita kijiji cha Singani ikaenda mpaka baharini. Watu walikuwa wamehamishwa ila kijiji kiliungua. Kwa hiyo unaweza kuangalia juu hakuna moshi na kumbe ardhi imefunguka karibu na migomba. Na mwaka 1903 watu 17 walikufa kwa gesi, gesi ya volkano ni nzito inakaa mabondeni na mashimoni, mtoto asilazwe sehemu ya chini iliyojifunga ikisemwa gesi inatoka.

Mimi nisingempandisha ndege kwa ajili ya voisi. Ningemwambia kama wana ndugu kaskazini, Mitsamiouli au huko jirani, aende na mtoto akapumzike wiki mbili tatu, ni mwendo wa gari tu na Karthala inakuwa mbali. Na mimi nasema kwa uchungu, mtoto wangu angekuwa hapo ningefanya hivyo hivyo.

Mtoto wa Kibosho

Wakuu nimesoma yote na nimemsomea mama kwa sauti, mnisamehe nilichelewa kujibu. Mzee wa Njiro nimeelewa ile habari ya 5.9 tatu, mama mwenyewe anaikumbuka ya Bukoba kwa sababu tulichangisha kanisani.

Nimeongea na mdogo wangu, kumbe amekuwa akiandika kwenye daftari kila likitokea, saa na jinsi lilivyotikisa. Siku mbili za mwanzo ukurasa umejaa, halafu yanapungua, kuna siku hakuandika kabisa, ila jana jioni limekuja moja lenye nguvu kuliko ya siku zote za katikati, taa ya darini ilicheza. Ndo kilichomrudisha kwenye hofu, anasema kama yanapungua hili limetoka wapi? Na jingine, kuna jirani amemwambia madogo ni mazuri yanapunguza presha kidogo kidogo ili kubwa lisije, hii ni kweli?

Na Bint Ngazija ubarikiwe sana dada yangu, hilo la birika hakuna aliyekuwa amelifikiria, shemeji ametoka kazini leo ameenda moja kwa moja kununua turubai.

Mzee wa Njiro

Huyo binti ana akili sana, mwambie aendelee na daftari na wakitaka apeleke kile kituo, maelezo ya watu waliotikiswa wanayahitaji, aandike na mtaa aliopo na kama alikuwa chini au ghorofani.

Lile la jana peke yake halibadilishi picha. Kupungua sio kushuka ngazi sawasawa, kinachopungua ni idadi kwa siku, lakini ukubwa wa kila moja unaweza kuruka, unaweza kukaa siku tatu kimya likaja moja la kushtua. Kitakachonishtua mimi ni kama baada ya hilo idadi inaanza kupanda tena leo, kesho, keshokutwa, na hasa kama yanakuja mafupi mafupi makali yenye mlio kama mgongano, maana hiyo inaweza kuwa dalili kwamba yapo karibu na miguu yao na sio mbali chini.

La jirani sio kweli, na ni vizuri watu walijue. Kila hatua moja ya kipimo ni nguvu kama mara 32, hatua mbili ni kama mara 1,000. Yaani ili kumaliza nguvu ya tetemeko moja la 5 unahitaji matetemeko kama elfu moja ya 3, na yale ambayo shemeji hayasikii huenda ni 2 na kitu. Hayapunguzi chochote cha maana. Pia hayaongezi, wasiyahesabu kama deni.

Ila na mimi naunga mkono wazo la kaskazini. Na uamuzi wowote wa ndege ufanyike kipindi hiki kimetulia, majivu yakishakuwa angani ndege hazitui, injini haziyawezi, kwa hiyo yule anayesema nitasubiri nione moshi ndo nikate tiketi anajifungia mlango mwenyewe.

Fundi Pasua

Naomba niongeze upande wa nyumba maana hapa Moshi ndo kazi yangu ya kila siku na baada ya Bukoba nilienda kule na wenzangu kusaidia kujenga upya. Watu zaidi ya 15 walikufa Kagera na kilichowaangukia ni kuta, tofali zilizounganishwa kwa udongo, kuta ndefu hazina lenta wala mkanda wa zege juu, paa limekalia ukuta bila kushikwa. Nyumba yenye nguzo na nondo zilizofungwa vizuri karibu na hapo imebaki imesimama, plasta tu imemeguka.

Kaka mwambie mdogo wako azunguke nyumba mchana na tochi. Nyufa nyembamba kwenye plasta kama nywele sio shida. Nyufa zinazokata ukuta kwa mshazari zikitokea kwenye kona ya dirisha au mlango, hasa zikiwa zinakatana kama msalaba ulioinama, hizo zinaonyesha ukuta wenyewe umechoka. Nguzo ikipasuka mpaka ukaona nondo hapo hawalali hata usiku mmoja. Mlango uliokuwa unafunga vizuri ukianza kukwama ghafla maana yake fremu imevutwa, apige picha aweke na tarehe ili baada ya kila mtikisiko aangalie kama ufa umeongezeka.

Kitanda cha mtoto kitoke chini ya dirisha na mbali na kabati. Kabati lifungwe ukutani kwa skrubu, hiyo ni kazi ya nusu saa tu. Tangi la maji la plastiki kama lipo juu ya paa likiwa limejaa ni uzito mkubwa sana juu ya vichwa vyao, bora libaki nusu na maji mengine yakae kwenye madumu chini. Mtungi wa gesi ufungwe kila wakimaliza kupika. Likianza kutikisa wasikimbilie ngazi, ngazi zinavunja watu miguu na wengine wanakufa hapo hapo, wainame chini ya meza ngumu au pembeni ya kitanda wafunike kichwa, mtoto chini ya kifua cha mama, likiisha ndo watoke taratibu wakae mbali na ukuta wa fensi na nguzo za umeme. Umesema wanakaa upande wa juu mlimani ila kama siku moja wapo ufukweni na litikise kwa muda mrefu mtu anashindwa kusimama, wasisubiri tangazo, wapande juu hapo hapo kwa miguu maana tsunami inaweza kufuata.

Mama Neema Majengo

Jamani mbona mmenitisha, na sisi tuliopo chini ya Kilimanjaro je? Huu wetu nao si ni volkano, na Meru wa Arusha, mbona hakuna anayeutaja. Mtoto wangu ana mtihani wiki hii mi naogopa hata kumwambia.

Mzee wa Njiro

Mama Neema usiogope, mwache mtoto asome. Kibo bado ina joto chini, kule juu kreta ya Reusch, lile shimo la kileleni, inatoa gesi kidogo, lakini hakuna mlipuko wa Kilimanjaro uliowahi kuandikwa na binadamu. Meru ulitoa majivu kidogo mwaka 1910, toka hapo umetulia. Ulio hai kwelikweli kwetu ni Lengai na upo mbali na Moshi. Matetemeko ya kwetu mengi yanatokana na Bonde la Ufa lenyewe linavyotanuka, sio milima hii miwili. Taasisi yetu ya jiolojia, GST, ipo Dodoma, matangazo yao ndo ya kusikiliza. Mnakumbuka yale maporomoko ya Katesh, chini ya mlima Hanang mkoani Manyara, Desemba 2023, watu walianza kusema Hanang umelipuka, na haukuwa umelipuka, ilikuwa mvua kubwa na mlima ukashuka na matope. Uvumi ule uliwaongezea hofu watu waliokuwa wanazika ndugu zao.

Chalii wa Sakina

Mzee shikamoo, nimejifunza leo. Mi bado moyo wangu unaniambia mtoto mdogo atoke pale juu lakini hilo la kwenda kaskazini nimelielewa, na hilo la tiketi wakati kumetulia ni la msingi sana, mkuu usilidharau.

Mtoto wa Kibosho

Mrejesho wakuu. Nimekaa kikao na mama na shangazi wa Himo, tumempigia shemeji kwa video akatuonyesha nyumba nzima kama Fundi Pasua alivyosema. Kuna ufa mmoja wa mshazari chumba cha nyuma dirishani, mwembamba, wameupiga picha na chumba hicho hakilalwi tena. Nguzo zipo salama. Wameshuka wanalala chumba cha chini, kabati limefungwa ukutani, tangi la juu limepunguzwa. Keshokutwa mdogo wangu na mtoto wanaenda kwa shangazi yake shemeji huko kaskazini karibu na Mitsamiouli, shemeji anabaki kwa sababu ya kazi ila atakuwa anaenda wikiendi, na amekubali kufuatilia matangazo ya kituo chao kila siku na kunitumia mimi, sio voisi. Voisi nimeifuta kwenye simu ya mama mwenyewe akiwa anaangalia.

Mama amekubali kwa sharti moja, hela ya tiketi ya watu wawili iwe pembeni isiguswe, na mdogo wangu akiona idadi kwenye daftari inapanda siku tatu mfululizo au kituo kikisema mlima unavimba anarudi bila kujadiliana na mtu. Tumechanga jana, imetimia.

Swali la mwisho kwa Bint Ngazija, kama majivu yakija kweli yakaisha, wanarudishaje maji kwenye birika? Shemeji anasema mvua ya kwanza itasafisha.

Bint Ngazija

Alhamdulillah, mama apewe pongezi zake, hilo sharti lake ni zuri sana.

Hapana kaka, mvua ya kwanza ndiyo inayoshusha uchafu wote, hiyo isiingie kabisa. Mfereji ubaki umechomolewa. Kwanza majivu yafagiliwe paani yakiwa makavu kidogo, wanyunyizie maji machache tu ili yasipeperuke, wafunge pua na mdomo kwa kitambaa kilicholowa au barakoa na wafunge macho kwa miwani, mtoto asiwe karibu. Yasiachwe yakalowa mengi juu ya paa kwa sababu yakinywa maji yanakuwa mazito sana na bati linabonyea, na anayepanda apande mmoja akiwa amefungwa kamba, bati lenye majivu linateleza. Kisha paa lioshwe na maji hayo yamwagike nje. Waache mvua ipite juu ya paa mpaka waone inashuka maji meupe, hapo ndipo mfereji urudishwe. Na kama majivu yalishaingia birikani wasikoroge, wayaache yatulie chini wachote ya juu kwa kufulia na kuoshea tu, ya kunywa wasubiri kituo cha afya kiseme.

Mpe wifi salamu zangu, na akifika Mitsamiouli aniambie ni nyumba ya nani, huko nina mama mdogo, atampelekea mkate wa mofa na atakuwa anakuja kumtazama na mtoto jioni.